Wasomaji Wanauliza: Themostati ya Ratiba na Bili ya Joto

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: nyumba yenye mfumo wa kupasha joto, na themostati, kile kifaa kidogo cha ukutani kinachopangiwa saa na nyuzi. Tumechagua zile zinazogusa makosa yanayokula pesa nyingi zaidi. Nyuzi zote zilizotajwa ni za Selsiasi.

SWALI: Ndugu wahariri, mimi nashusha joto usiku tukilala. Mume wangu anasema ni hasara tupu, kwa kuwa asubuhi tanuri (mtambo wa kupasha nyumba joto) linachoma gesi nyingi kuirudisha nyumba ilipokuwa, na kwamba heri tungeliacha palepale usiku kucha. Tuamulieni.

JIBU: Dada, hesabu iko upande wako. Nyumba hupoteza joto kulingana na tofauti iliyopo kati ya ndani na nje. Nje kukiwa nyuzi 0 na ndani 20, tofauti ni 20. Ukishusha hadi 16, tofauti inakuwa 16, maana yake kila saa nyumba inavujisha joto pungufu kwa moja ya tano. Lile joto ambalo tanuri linarudisha asubuhi ni lile tu ambalo kuta, sakafu na samani ziliachia usiku. Na zilipokuwa zinaliachia, tanuri lilikuwa limezima, halikuchoma kitu. Pande hizo mbili zinafutana. Faida inayobaki ni zile saa ambazo nyumba ilikaa kwenye nyuzi za chini.

Chukua mfano huohuo kwa saa 8 za usiku. Moja ya tano ya upotevu, mara theluthi moja ya siku, ni karibu asilimia 7 ya matumizi ya siku nzima. Hicho ni kiwango cha juu, maana nyumba haishuki hadi 16 papo hapo unapobonyeza kitufe. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba anayeshusha nyuzi 4 hadi 6 hivi, saa 8 kila siku, anaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama ya mwaka. Asikudanganye mtu kwamba kifaa peke yake kitakata bili kwa nusu.

Nyumba iliyozibwa vizuri inaweza kulala usiku mzima na kushuka nyuzi 2 tu. Huko akiba ya kushusha ni ndogo, lakini bili yenyewe ilikwisha kuwa ndogo. Anayefaidi zaidi ni mwenye nyumba inayovuja, inayopoa haraka. Na hoja ya mumeo ina mahali pake: kwenye pampu ya joto. Msomaji mwingine ameuliza hilo, jibu lake liko chini.

SWALI: Nimepanga joto liwake saa 12 asubuhi, nikaandika 12:00 na nyuzi 20. Asubuhi tunaamka tunatetemeka, mchana nyumba haina mtu na joto linapuliza. Je, nimeuziwa kibovu?

JIBU: Kifaa ni kizima. Saa yake inaanza kuhesabu saa sita usiku, na 12:00 kwake ni saa sita mchana. Saa kumi na mbili asubuhi yako yeye anaiita 06:00. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri, hasa kwa mtu anayewaza saa kwa Kiswahili huku kidole kiko kwenye kitufe.

Themostati nyingi zina vipindi vinne kwa siku: kuamka, kutoka, kurudi, kulala. Mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa na 06:00, 08:00, 18:00 na 22:00. Zisome hivi: saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Andika vipindi vyako kwenye karatasi kwa Kiswahili kwanza, mkabala wake andika tarakimu za kifaa, ndipo uanze kubonyeza.

Kama kioo kinaonyesha AM na PM, AM ni kuanzia saa sita usiku hadi saa sita mchana, na PM ni nusu inayofuata. Hapo kuna mtego mwingine. Saa ya kifaa chenyewe ikiwekwa PM wakati ni asubuhi, ratiba yote inapinduka. Dalili yake ni hii: kwa ratiba ya kiwandani niliyoitaja, joto litakatika saa mbili usiku mkiwa bado sebuleni, halafu asubuhi litaendelea hadi saa nne wakati wote mmeshaondoka. Ukiona hivyo, usiguse ratiba. Rekebisha saa tu.

Siku nayo. Kifaa kinageuza siku saa sita usiku. Usiku wa kuamkia Jumamosi, saa nne ni Ijumaa bado, saa saba ni Jumamosi. Anayechelewa kulala mwisho wa wiki abadilishe kipindi cha kulala cha Ijumaa na cha Jumamosi. Watu wengi hubadilisha cha Jumamosi na Jumapili, kisha wanashangaa Ijumaa joto linawakimbia. Kifaa cha aina ya 5-2 kinafunga siku tano za kazi pamoja na kina ratiba nyingine kwa mbili zilizobaki. Hicho hakiwezi kutenga Ijumaa. Mwenye zamu zinazobadilika anunue cha siku 7.

Usipange pia kwa kubahatisha muda wa nyumba kupata joto. Pima. Chagua usiku wa baridi ya kawaida, acha nyumba ishuke hadi nyuzi 17, andika saa, panda hadi 20, andika saa ilipofika. Ikiwa ni dakika 50, anza dakika 50 kabla ya kuamka. Ila tazama kwanza kama kifaa kina uwezo wa kuanza mapema chenyewe. Chenye uwezo huo, ile saa unayoandika ni ya joto kufika, si ya kuanza. Ukitoa dakika 50 wewe, na chenyewe kikatoa zake, nyumba itakuwa na joto karibu saa nzima kabla hujafungua macho, na muda huo unaulipia kila siku.

SWALI: Ya kwangu ni ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono. Naweza kufunga mpya mwenyewe, au ni lazima fundi?

JIBU: Inategemea nyaya zilizo nyuma yake. Zima umeme wa mfumo wa joto kwenye kisanduku cha swichi kuu, fungua kifuniko, tazama. Ukikuta nyaya nyembamba za rangirangi, kila moja imebanwa kwa skrubu yenye herufi, huo ni umeme mdogo wa volti 24 na mtu makini anaweza kuendelea. Ukikuta nyaya nene mbili au nne, pengine zimesokotwa pamoja na kufunikwa kofia za plastiki, huo ni umeme wa nyumba wenyewe, volti 120 au 230 hadi 240. Rudisha kifuniko na uite fundi umeme. Hita za umeme za chini ya ukuta ziko hivyo, na boila (mitambo ya kuchemsha maji ya kupashia nyumba joto) nyingi za Ulaya pia themostati yake inakata volti 230 moja kwa moja. Kifaa cha volti 24 kikiunganishwa hapo kinaungua mara moja, na wewe pia uko hatarini.

Kwa wa volti 24: piga picha kabla ya kugusa skrubu. Kisha bandika karatasi kwenye kila waya, uandike herufi ya skrubu uliyoitoa. Fuata herufi, usifuate rangi. Aliyefunga kabla yako alitumia waya aliokuwa nao. R huleta umeme kutoka kwenye transfoma. W huita joto. Y ni ya kupoza, G ni ya feni. C ni njia ya umeme kurudi, inayokiwezesha kifaa kuishi bila kutegemea betri. Ukiwa na R moja tu na kifaa kipya kina Rh na Rc, ziunganishe kwa kipande kifupi cha waya, isipokuwa kama kitabu chake kinasema zimeshaungwa ndani.

Waya ukiachiwa hurudi ukutani, na kuutoa ni kazi ya nusu siku. Zizungushie kalamu ya risasi zote kwa pamoja, kalamu ilale juu ya tundu. Chubua milimita 8 hadi 10 za ncha, zinyooshe, ziingize hadi shaba isionekane nje ya kishikizo. Shaba iliyobaki wazi ya R ikigusa ya C, fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5 iliyo kwenye bodi ya tanuri inakatika, kioo kinabaki cheusi, na watu hukimbilia kurudisha kifaa dukani bila kuitazama hiyo fyuzi.

Huna C? Chungulia ndani ya tundu. Mara nyingi kuna waya wa akiba umekunjwa nyuma haujatumika. Lakini kuubana huku peke yake hakutoshi: ncha yake ya upande wa pili lazima ifungwe kwenye C ya bodi ya tanuri.

Kabla ya kufunga kifuniko, ziba tundu la ukutani kwa nyuzi za pamba ya kuzuia joto au kwa lakiri laini ya kuzibia. Hewa baridi inayoshuka ndani ya ukuta na kutokea hapo hupuliza mgongo wa kifaa, nacho kinaamini nyumba nzima ni baridi.

Ukiwasha umeme na joto haliji, zima tena, toa R na W kwenye kifaa, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe, kisha washa. Tanuri likiwaka, kosa ni la themostati au la ufungaji wako. Lisipowaka, tatizo liko kwenye tanuri. Jaribio hili ni la volti 24 tu.

SWALI: Tuna pampu ya joto. Tangu tuweke ratiba ya kushuka nyuzi 5 usiku, bili imepanda badala ya kushuka. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana kabisa, na ndiyo maana tulisema hoja ya mume yule ina mahali pake. Pampu ya joto huhamisha joto la nje kulileta ndani, na kwa kila uniti moja ya umeme inaweza kukupa uniti 2 au 3 za joto. Lakini nyingi zina hita ya umeme ya msaada, ambayo kwa uniti moja inakupa moja tu. Asubuhi kifaa kinapoona kinatakiwa kupanda nyuzi 5 kwa mkupuo, kinaona pampu peke yake itachelewa, kinaita hita. Ulichookoa saa 8 za usiku kinaliwa ndani ya saa moja ya asubuhi.

Punguza mshuko uwe nyuzi 1 au 2. Hakikisha themostati ni ya pampu ya joto, yenye kupanda taratibu huku ikichelewesha hita. Kama mfumo una kihisi cha nje, weka kizuizi ili hita isiwake nje kukiwa na joto zaidi ya nyuzi unazochagua. Fundi aliyefunga pampu anajua inaweza kubeba nyumba hadi nyuzi ngapi. Na tazama kioo: pakiwa na neno EM HEAT, mtu ameiweka kwenye joto la dharura na pampu imelala, hita inafanya kazi yote. Hilo peke yake linatosha kueleza bili.

Ikiwa inapuliza baridi unapoomba joto, mpangilio wa waya wa O/B, ule unaogeuza pampu kati ya kupasha na kupoza, umegeuzwa. Ubadilishe kwenye menyu ya ufungaji kutoka O kwenda B au kinyume chake. Nyaya huna haja ya kuzigusa.

SWALI: Ratiba ipo, lakini sioni tofauti yoyote kwenye bili.

JIBU: Nenda ukasome kioo. Tunakisia utakuta neno HOLD. Mtu alisikia baridi siku moja, akapandisha, akabonyeza kushikilia, na tangu siku hiyo ratiba haijafanya kazi. Ukibonyeza mshale tu bila HOLD, vifaa vingi hurudi kwenye ratiba kipindi kinachofuata kikianza. HOLD ya kudumu hairudi hadi uifute. Marekani, alama ya Energy Star, ya vifaa vinavyookoa nishati, iliondolewa kwa themostati za ratiba mwishoni mwa mwaka 2009, kwa sababu akiba iliyotarajiwa haikuwa inaonekana majumbani. Kifaa kilikuwa ukutani na ratiba haifuatwi.

Waeleze wote wa nyumbani mshale na HOLD vinatofautianaje. Pia waambie kwamba kuandika 28 hakuleti joto haraka kuliko 20. Tanuri la kuwaka na kuzima lina nguvu ileile. Unachofanya ni kulizuia lisizime mapema.

SWALI: Sebuleni, palipo themostati, kuna rejeta (ile ya ukutani inayopitisha maji moto) yenye valvu inayojirekebisha. Vyumba vingine vinachemka hadi tunafungua madirisha, na boila halizimi.

JIBU: Vidhibiti viwili vinagombana ndani ya chumba kimoja. Valvu ya sebuleni imewekwa, tuseme, kufunga kwenye nyuzi 19, na themostati inasubiri 20. Haitaifikia kamwe, hivyo inaendelea kuliita boila. Fungua valvu ya chumba chenye themostati hadi mwisho na uiache hivyo. Za vyumba vingine zibaki zinajirekebisha.

SWALI: Joto la chini ya sakafu nalo lipangiwe ratiba?

JIBU: Kwa mabomba yaliyozikwa kwenye zege, kidogo tu. Zege hilo huchukua saa nyingi kupoa na saa nyingi kupata joto, mshuko wa saa 8 haufiki popote. Shusha nyuzi 1 au 2, tena uanze kushusha saa kadhaa kabla ya kulala. Mshuko wa maana weka unaposafiri.

SWALI: Tanuri letu linawaka na kuzima kila baada ya dakika chache. Ni themostati?

JIBU: Huenda. Simama mbele ya kioo wakati moto unapozima. Alama ya moto kwenye kioo ikizimika pamoja na tanuri, themostati ndiyo iliyokata. Alama ikibaki inawaka huku tanuri limezima, kosa si lake: badilisha kichujio cha hewa kwanza, kwa sababu kikiziba, tanuri linapata joto kupita kiasi na swichi ya usalama inalikata. Ukibadilisha na tatizo likabaki, ita fundi wa tanuri.

Ikiwa ni themostati, ingia menyu ya ufungaji utafute idadi ya mizunguko kwa saa, yaani mfumo uwake mara ngapi ndani ya saa moja. Kwa kawaida ni 1 kwa mfumo wa mvuke, 3 kwa boila la maji moto au tanuri lenye ufanisi wa zaidi ya asilimia 90, 5 au 6 kwa tanuri la kawaida, 9 kwa hita za umeme. Tanuri la kisasa lililowekewa 9 litajiua kwa kuwaka na kuzima.

Angalia pia mahali kilipo. Ukuta wa ndani, kama mita 1.5 kutoka sakafuni, mbali na tundu la hewa moto, jua, taa, televisheni na mlango wa nje. Kukipima, bandika kipimajoto kingine pembeni yake, subiri nusu saa bila kukipulizia pumzi, linganisha. Vifaa vingi vina sehemu ya kusahihisha tofauti ya nyuzi moja au mbili. Tofauti kubwa zaidi ya hiyo inasema kihamishwe.

SWALI: Nina mama mzee na mtoto mchanga nyumbani. Nishuke hadi ngapi bila kuwaumiza? Na tukisafiri wiki mbili?

JIBU: Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba za nchi za baridi zisiwe chini ya nyuzi 18, na kwa wazee, watoto wadogo na wagonjwa huenda pakahitajika zaidi. Kwa hiyo, dada, usiku usishuke chini ya 18 katika vyumba vyao, hata kama jirani analala kwenye 15. Tafuta akiba kwenye saa ambazo nyumba ni tupu kweli, na kama vyumba vina valvu zake, kwenye vyumba visivyolaliwa.

Kuna mpaka mwingine ambao ni wa kuta. Hewa yenye unyevu ikigusa kona baridi inaacha maji, na kona hiyo inaota ukungu. Ukiona matone kwenye vioo kila asubuhi, au weusi nyuma ya kabati, panda nyuzi 1 au 2 na utoe unyevu: funika sufuria, washa feni ya bafu, usikaushe nguo chumbani.

Mkisafiri kipindi cha baridi, weka HOLD kwenye nyuzi 13 hivi, usizime kabisa. Maji yakiganda bombani hutanuka na kulipasua, na mafuriko huja barafu ikiyeyuka. Acha wazi milango ya makabati yenye mabomba yanayopita kwenye kuta za nje. Kama kifaa kinategemea betri, weka mpya kabla ya kufunga mlango, hata kama alama ya betri haijaonekana. Za AA zibadilishwe kila mwaka kabla ya baridi kuanza, na baada ya kuzibadilisha tazama kama saa na siku bado ni sahihi.

SWALI: Ile ya zamani niliyoitoa ina kichupa cha kioo chenye kitu kinachong'aa kama fedha kikitembea ndani. Nitupe wapi?

JIBU: Usiitupe kwenye takataka. Hiyo ni zebaki, na kichupa kikivunjika mvuke wake ni sumu. Usikichomoe. Weka themostati nzima ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, kisha ndani ya kopo lenye kifuniko, ipeleke inakopokelewa taka za hatari. Wengine wanaouza vifaa vya joto pia huzipokea. Piga simu kwanza uwaulize.